Bunduki ya bei ndogo hupimwa kwa karatasi, si kwa maneno

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

WAFANYABIASHARA wanaovuka mpaka kila wiki wanajua somo moja ambalo halifundishwi darasani: bei ya kifaa haikuambii kama kifaa hicho kinasema kweli.

Mzani wa bei ghali unaweza kudanganya, na mzani wa bei ndogo uliobambuka rangi ukasema kweli kila siku. Ndiyo maana anayenunua maharage kwa magunia katika soko la Kwa Siyoni hapa Bujumbura hatazami chapa ya mzani. Anaweka jiwe la kilo moja, anasoma, analiondoa, kisha analiweka tena na kusoma mara ya pili.

Somo hilo hilo linaihusu bunduki ya kuwindia, hasa ile ya bei nafuu ambayo mpigaji huvuta komeo kwa mkono kila baada ya risasi moja. Tanzania wengi huiita raifo.

Habari za bunduki si ngeni kwa wakimbizi waliorejea nyumbani. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 waliishi zaidi ya miaka 30 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, magharibi mwa Tanzania, katikati ya pori la miombo. Kwa mkulima wa huko, nguruwe pori na nyani ni adui wa kila msimu. Kusini mwa Mpanda kuna Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na nje ya hifadhi hiyo kuna vitalu ambako wageni wenye vibali huja kuwinda kwa bunduki za kisasa.

Zaidi ya watu 50,000 wa kundi hilo la 1972 walirejea Burundi miaka ya 2008 na 2009, na wengine zaidi ya 160,000 wakapewa uraia wa Tanzania. Waliorudi walikuja na Kiswahili chao, ujuzi wao wa kilimo, na kwa baadhi yao, swali ambalo bado linaulizwa barazani kule Buyenzi: je, bunduki ya bei ndogo inaweza kulenga sawasawa kama ile ya tajiri?

Jibu fupi ni ndiyo, mara nyingi inaweza, ila kwa sharti kwamba ipimwe. Sharti hilo lina mkia wake, nao ndio unaowagusa zaidi watu wa mpakani: bunduki isiyo na karatasi haiwezi kupimwa.

Kwa nini bunduki ya komeo

Bunduki ya komeo ni chombo rahisi kukielewa. Mpigaji anainua mkono wa komeo, analivuta nyuma, ganda tupu linaruka nje. Analisukuma mbele, risasi mpya inaingia chemba. Analilaza chini, mlango unafungwa kwa chuma juu ya chuma. Hakuna kinachojiendesha chenyewe. Kwa sababu hiyo vyuma vyake vinavyotembea ni vichache, na komeo likishafungwa risasi inakaa mahali pale pale kila mara. Hapo ndipo shabaha nzuri inapoanzia.

Kuna sababu nyingine ya kisheria. Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Burundi na Tanzania zikiwemo, inazitaka nchi hizo zipige marufuku raia kumiliki bunduki zinazojipakia zenyewe, mbali na zile za rashasha. Kwa hiyo, kwa raia anayetaka kuwinda kihalali katika ukanda huu, bunduki ya komeo ni miongoni mwa silaha chache zilizobaki mezani.

Kutoka Tanga hadi Karamoja

Bunduki za komeo zina historia ndefu katika ardhi hii. Wakati Burundi ikiwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, na Bujumbura ikiitwa Usumbura, askari wa Kijerumani walibeba Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya komeo inayopiga risasi moja moja kwa baruti nyeusi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, vikosi vingi vya Jenerali Lettow-Vorbeck, wakati huo akiwa na cheo cha luteni kanali, bado vilikuwa na bunduki hizo za zamani. Ubaya wake ulijulikana: kila risasi ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha. Hata hivyo askari hao walishinda, na wakachukua kwa Waingereza mamia ya bunduki mpya na risasi zinazokadiriwa kufikia 600,000. Wabelgiji waliingia Usumbura Juni 1916, nao pia wakiwa na bunduki za komeo mikononi.

Mfano wa pili unatoka Uganda. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Mskochi W. D. M. Bell aliwinda tembo katika nchi ya Karamoja hadi akabandikwa jina la nchi hiyo. Wenzake walibeba bunduki nzito zenye midomo mipana. Yeye aliwaua wengi wa tembo wake, ambao jumla yao ilipita 1,000, kwa bunduki nyepesi ya komeo yenye risasi ya milimita 7, risasi ambayo wengi waliidharau.

Bell alipasua fuvu la tembo ili ajue ubongo umekaa wapi hasa, kisha akajizoeza kupiga pale pale. Mauaji yale ya pembe za ndovu leo ni jinai na hayana wa kuyasifu. Lakini kwa upande wa shabaha alithibitisha kwamba risasi ndogo inayofika mahali pake ina kazi kuliko risasi kubwa inayopotea njia.

Kisheria, hata hivyo, njia ya Bell imefungwa. Tanzania inataka kaliba isiyopungua .375 kwa wanyama kama tembo na nyati. Anayefikiri raifo ndogo ya bei nafuu itamtosha kwa nyati anavunja sheria kabla hajafyatua.

Bei imeshukaje

Zamani bunduki nzuri ilikuwa kazi ya fundi. Alikaa na tupa na msasa, akipatanisha mtutu na mwili wa bunduki kwa jicho na mkono. Mteja alilipia siku za fundi huyo.

Mwaka 1958 kampuni ya Savage ya Marekani ilitoa bunduki yake ya 110, iliyobuniwa na Nicholas Brewer. Ndani yake kulikuwa na ujanja mmoja mdogo: mtutu ulikazwa kwa nati kubwa. Badala ya fundi kukata chuma kidogo kidogo ili risasi ikae sawa chemba, mfanyakazi wa kiwandani anazungusha mtutu mpaka kipimo kifike, kisha anakaza nati. Kazi ya saa nyingi ikawa ya dakika chache, na usahihi haukupungua.

Baadaye zikaja mashine zinazoendeshwa na kompyuta, ambazo hukata chuma cha elfu moja sawa na cha kwanza. Matokeo yake ni bunduki kama Ruger American, ambayo ilipoingia sokoni mwaka 2012 iliuzwa Marekani kwa chini ya dola 500, na bado ikasifiwa kwa shabaha.

Kinachopunguzwa ili bei ishuke, mara nyingi, si mtutu. Ni kitako, kinachokuwa cha plastiki badala ya mti wa mjozi. Ni rangi ya chuma isiyong'aa. Ni komeo linalokwaruza likivutwa. Mnunuzi anayehukumu kwa macho atakataa bunduki nzuri kwa sababu ya sura yake, na anaweza kuchukua mbovu kwa sababu inang'aa.

Kabla ya risasi ya kwanza

Wanaojua kazi hii hawaanzi na risasi. Wanaanza na bisibisi na jicho.

Kwanza ni skrubu. Zile zinazoshika mwili wa bunduki kwenye kitako, na zile zinazoshika darubini, zote zikazwe kwa kiasi chake. Bunduki nyingi zinazolaumiwa kuwa "hazishiki shabaha" zina skrubu moja iliyolegea kwa mtikisiko wa gari. Aliyewahi kupanda gari kutoka Kobero hadi Muyinga wakati barabara ilipokuwa mbaya anaelewa.

Pili ni mtutu na kitako. Katika bunduki nyingi za siku hizi mtutu hautakiwi kugusa kitako kwa urefu wake wote wa mbele. Chukua noti, hata ya faranga 1,000, ipitishe katikati ya mtutu na kitako kutoka mbele kurudi nyuma. Ikipita bila kukwama, vizuri. Ikikwama, kitako kinausukuma mtutu, na risasi zitatawanyika kadiri chuma kinavyopata joto. Vitako vya plastiki laini vina ugonjwa mwingine: noti inapita bunduki ikiwa mkononi, lakini ukiiegemeza kwenye mfuko wa mchanga plastiki inapinda na kugusa mtutu.

Tatu ni mdomo wa mtutu. Hapo ndipo risasi inapoagana na bunduki. Mkwaruzo mdogo upande mmoja unaifanya hewa itoke upande huo kwanza na kuisukuma risasi pembeni. Bunduki iliyokaa ikiegemea sakafu ya saruji, mdomo chini, inaweza kuharibika hapo bila mwenyewe kujua.

Nne ni ndani ya mtutu. Kuna michirizi inayozunguka ambayo kazi yake ni kuizungusha risasi kama pia ili iende moja kwa moja. Kutu ikila michirizi hiyo, hakuna darubini itakayoiponya bunduki. Hewa ya kando ya Ziwa Tanganyika ina unyevu mwingi, na chuma kisichopakwa mafuta hakidumu. Risasi kuukuu za kijeshi ni hatari zaidi, kwani fataki zake nyingi huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo haitoki kwa mafuta; hutoka kwa maji, ndipo mtutu unakaushwa na kupakwa mafuta.

Karatasi, mita 100 na mifuko ya mchanga

Sasa kipimo chenyewe. Kifanyike katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa na vyombo vya usalama, nyuma ya karatasi kukiwa na kilima au tuta nene la udongo. Risasi ya raifo iliyokosa karatasi inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Burundi ni nchi ambayo kila kilima kina nyumba, na hakuna "upande usio na watu".

Karatasi inawekwa mita 100. Bunduki inawekwa juu ya mifuko ya mchanga, mmoja mbele chini ya kitako na mwingine nyuma, ili mikono isiwe na kazi ya kuibeba. Lengo la kuiegemeza ni kumwondoa mpigaji kwenye hesabu kadiri inavyowezekana.

Mpigaji anapiga risasi tano akilenga alama ile ile, bila kugusa darubini hata kama risasi hazifiki katikati. Watu wengi hukosea hapa. Risasi ya kwanza ikienda kushoto wanazungusha darubini, ya pili ikienda juu wanazungusha tena, na mwisho wa siku hawajui kilichohama ni bunduki au ni darubini.

Turudi kwenye mzani. Mzani unaozidisha gramu 50 kila mara si mbaya sana, kwani unaujua uongo wake na unaweza kuusahihisha. Mzani unaozidisha gramu 50 leo, ukapunguza 30 kesho, haufai kwa biashara yoyote. Bunduki nayo ina maswali mawili tofauti. La kwanza: je, risasi zote zinakwenda mahali pamoja? La pili: je, mahali hapo ndipo nilipolenga? Swali la kwanza ni tabia ya bunduki yenyewe. La pili ni marekebisho ya darubini, na yanachukua dakika mbili.

Pima kwa rula kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu lililo mbali nalo kuliko yote. Kipimo hicho ndicho ukubwa wa kundi. Wapenzi wa shabaha duniani hutumia pembe ndogo iliyo sehemu moja ya 60 ya digrii, ambayo kwa mita 100 ni karibu sentimita 2.9. Bunduki ya kuwindia inayoweka risasi tano ndani ya sentimita 3 kwa mita 100, kila mara, ni nzuri sana. Inayoziweka ndani ya 5 au 6 inatosha kwa kazi nyingi za porini.

Kisha ndipo darubini inaguswa. Tuseme katikati ya kundi ni sentimita 6 chini na 3 kushoto ya alama. Darubini nyingi husogeza milimita 7 hivi kwa kila mlio mmoja wa kitufe, kwa umbali wa mita 100. Basi ni milio minane juu, minne kulia, na risasi nyingine za kuthibitisha.

Darubini ya bei ndogo nayo ipimwe. Piga risasi moja, sogeza milio 20 juu, piga. 20 kulia, piga. 20 chini, piga. 20 kushoto, piga. Matundu yachore mraba, na risasi ya mwisho irudi karibu na ya kwanza. Ikishindwa, darubini ndiyo mwongo. Wapo waliouza bunduki nzima kwa hasara kumbe mwenye kosa ni darubini.

Risasi tatu hudanganya

Muuzaji anayetaka kusifu bunduki yake huonyesha karatasi yenye matundu matatu yaliyoshikana. Msomaji asishtuke. Swali la kuuliza ni moja: karatasi nyingine ziko wapi?

Hesabu za bahati zinaonyesha kwamba bunduki ile ile, siku ile ile, ikipiga makundi ya risasi tano badala ya tatu, makundi hayo yatakuwa makubwa kwa wastani wa zaidi ya robo. Ikipiga makundi ya risasi kumi, yatazidi yale ya tatu kwa zaidi ya nusu. Bunduki haijaharibika. Risasi tatu hazikutosha kuonyesha tabia yake yote. Ni kama kumpima mkopaji kwa kumkopesha mara moja.

Kwa hiyo kipimo cha haki ni makundi matatu au zaidi ya risasi tano, na jibu ni wastani wake, si kundi lililo zuri kuliko yote. Kwa mfano, bunduki iliyotoa sentimita 4.1, 4.8 na 3.9 ni bunduki ya sentimita 4.3. Anayeitangaza kuwa ya 3.9 anafanya biashara ya maneno.

Kati ya kundi na kundi, mtutu uachwe upoe hadi uweze kuushika kwa mkono. Mitutu ya bunduki nyepesi ni myembamba na hupata joto haraka. Mingine huanza kupanda juu au kwenda pembeni baada ya risasi ya tatu. Kwa mwindaji, risasi muhimu kuliko zote ni ile ya kwanza kutoka mtutu baridi, kwa sababu porini mnyama hangoji ya tano.

Aina ya risasi pia ibadilishwe. Bunduki moja inaweza kutawanya risasi za kiwanda fulani na kukusanya za kiwanda kingine, hata kama kaliba na bei ni sawa. Boksi mbili tatu tofauti zinafundisha mengi kuliko kubadilisha bunduki. Ikipatikana aina inayokubalika, mwenye bunduki ashikamane nayo.

Bunduki au mpigaji?

Mara nyingi anayetawanya risasi ni bega. Mtu akishapigwa na kishindo cha kwanza, mwili unajifunza kuogopa. Jicho linafumba na bega linasukuma mbele kabla baruti haijawaka.

Dawa yake inajulikana. Mwenzako ndiye anayekupakia bunduki, mara risasi, mara ganda tupu, bila kukuambia. Likija ganda tupu na mdomo wa bunduki ukaruka, umejikamata mwenyewe. Kifyatuo kibanwe polepole mpaka mlio ukushtukize. Na kila mtu uwanjani azibe masikio, kwani mlio wa raifo unaharibu usikivu, na ukishapotea haurudi.

Pori si meza

Anayerudi na karatasi nzuri asijidanganye kuwa amemaliza. Porini hakuna mifuko ya mchanga. Kuna pumzi inayokwenda mbio, upepo, jani mbele ya darubini, na mnyama asiyesimama. Kundi la sentimita 4 mezani linaweza kuwa la 20 mikononi mwa mtu aliyesimama bila kuegemea kitu.

Sehemu ya moyo na mapafu ya swala pala ina upana wa sentimita 15 hivi. Kwa hiyo kila mwindaji apime pia akiwa amepiga goti, amekaa, au ameegemea fimbo, na umbali ambao risasi zake zote zinaingia ndani ya sahani ya chakula ndio umbali wake wa mwisho wa kupiga. Kwa wengi ni chini ya mita 100. Umbali ukizidi, risasi nayo huanguka: ya kaliba .308 iliyorekebishwa kwa mita 100 inashuka karibu sentimita 10 ikifika 200.

Wageni wanaokuja kuwinda Tanzania wana desturi nzuri katika jambo hili. Hata kama bunduki ilipimwa vizuri kwao, wakifika kambini hupiga tena karatasi kabla ya kwenda porini, kwani ndege na gari vinaweza kuihamisha darubini.

Risasi isiyofika mahali pake si hasara ya nyama tu. Mnyama aliyejeruhiwa hufa kwa mateso mbali na macho ya mwindaji, au hugeuka. Nyati aliyejeruhiwa anajulikana kwa kumvizia anayemfuata.

Hapa Bujumbura mfano unaojulikana na wengi ni wa Gustave, mamba wa mto Rusizi na ufuo wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, aliyesifika duniani baada ya filamu ya mwaka 2004 kuhusu jaribio la kumkamata. Alisemwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 6, na mwilini mwake yalisimuliwa makovu ya risasi. Wakati wa vita silaha hazikukosekana kando ya mto ule, bali ubongo wa mamba ni mdogo sana, umefunikwa na mfupa mzito, nao unataka risasi moja iliyopimwa. Risasi nyingi zisizopimwa zinamwachia makovu tu.

Gobore na hatari zake

Mtu wa kipato kidogo atasema: kama raifo ni dola mamia, si bora gobore? Gobore la Tanzania, ambalo Burundi huitwa mugobore, ni silaha ya kienyeji, mara nyingi iliyotengenezwa kwa bomba lisilokusudiwa kuwa mtutu.

Kwa upande wa shabaha, bomba hilo halina michirizi ndani. Risasi inatoka ikigonga huku na huku, na kila mara inachukua njia yake. Huo ndio ule mzani unaozidisha leo na kupunguza kesho, hausahihishiki. Kwa upande wa usalama, chuma cha bomba la maji hakikuundwa kustahimili mlipuko wa baruti, na likipasuka, linapasuka mbele ya uso na mikono ya mpigaji.

Kisha kuna sheria. Gobore lisilosajiliwa linahesabiwa kuwa silaha haramu sawa na bunduki yoyote nyingine.

Bunduki isiyoweza kupimwa

Hapa ndipo shabaha inapokutana na mpaka. Baada ya vita vya miaka mingi, silaha zilizagaa mikononi mwa raia wa Burundi. Serikali iliunda tume ya kuzikusanya, ikatunga sheria namba 1/14 ya Agosti 28, 2009 kuhusu silaha ndogo, na Oktoba mwaka huo huo ikawapa wananchi muda wa kuzisalimisha kabla ya mkono wa sheria kuanza kazi. Tanzania nayo ilibadilisha sheria yake ya mwaka 1991 na kupitisha mpya ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015.

Katika nchi zote mbili silaha inafuata mtu mwenye kibali na namba iliyopigwa kwenye chuma. Kibali cha upande mmoja hakivuki Kobero wala Mugina pamoja na mwenyewe. Silaha haiingii katika mizigo midogo midogo ambayo mama muuza vitenge anaitolea maelezo forodhani akaruhusiwa. Aliyerejea akiwa na silaha, au anayeijua ilipofichwa, aulize polisi au ofisi ya komini kabla ya kuigusa, si baada ya kukamatwa nayo.

Tukiacha jela pembeni, tuangalie biashara tupu. Mtu anayeuziwa raifo ya magendo usiku, imefungwa kwenye gunia katikati ya magunia ya mchele, ananunua nini? Hawezi kuipeleka uwanja wa shabaha. Hawezi kupiga risasi tano, akapoza mtutu, akapiga tano nyingine. Hawezi kumwita fundi aitazame michirizi, wala kurudi kwa muuzaji na karatasi yenye matundu yaliyotawanyika kudai fedha zake.

Ananunua mzani asioruhusiwa kuweka jiwe juu yake. Ubovu wake ataujua siku ile nguruwe amejeruhiwa na kugeuka, au risasi imepita shamba na kufika nyumba ya jirani. Bei iliyoonekana kuwa nusu inakuwa ghali kuliko bunduki yoyote ya dukani.

Mwenye kibali, hata kama bunduki yake ni ya bei ya chini kabisa na kitako chake ni cha plastiki, ana kitu ambacho mwenzake hana: anaweza kuitoa mchana, akaiweka juu ya mfuko wa mchanga na kuiuliza swali mbele ya watu.

Na hata huyo akumbuke kwamba kibali cha bunduki si kibali cha kuwinda. Katika hifadhi za Kibira, Ruvubu na Rusizi kuwinda ni marufuku, na ng'ambo ya mpaka kila mnyama ana leseni yake, msimu wake na eneo lake. Mkulima anayesumbuliwa na nguruwe au kiboko apeleke taarifa kwa mamlaka ya mazingira au wanyamapori iliyo karibu naye. Wao wanayo mamlaka ya kisheria ya kushughulika na mnyama huyo.

Kwa anayefikiria kununua bunduki kwa njia halali, mpango wa fedha uwe huu: asimalize akiba yote kwenye chuma. Abakize ya darubini ya kuaminika, ya boksi kadhaa za risasi za aina tofauti, ya mafuta na brashi ya kusafishia, na ya siku mbili tatu uwanjani. Bunduki ya dola 400 iliyopigwa risasi 60 za majaribio ina faida kwa mwenyewe kuliko ya dola 2,000 iliyopigwa tatu. Karatasi zake azihifadhi zikiwa na tarehe, aina ya risasi na umbali, ili mwaka ujao akipima tena aone kama chuma kimebadilika au ni macho yake.